Gari limelala Kasumbalesa: siku za kusubiri analipa nani?

Dereva wa semi anayetoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi au Kolwezi, Kongo, mara nyingi hulipwa kwa safari. Anapewa posho, anapimiwa mafuta, kilichobaki anakichukua akirudi. Matairi yakizunguka hesabu hiyo haina shida. Yakisimama, posho inazidi kuliwa na hakuna kinachoingia.

Siku zinapotelea bandarini kusubiri kupakia, mpaka wa Tunduma kuingia Zambia, mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo, kisha nje ya geti la mgodi au godauni. Mbaya kuliko zote ni kusubiri mzigo wa kurudi, mara nyingi shaba, kwa sababu hapo huna hata karatasi moja inayoonyesha kwamba uko kazini.

Kitu ambacho madereva wengi hawaambiwi: mikataba mingi kati ya tajiri (mwenye gari) na mwenye mzigo ina siku za bure za kupakia na kushusha. Zikiisha, mwenye mzigo anatozwa kwa kila siku gari linapolala. Kwa hiyo pesa ya kusubiri mara nyingi ipo, ila inaishia ofisini. Na ofisi haiwezi kuidai bila ushahidi wa saa, ambao unatoka kwako wewe dereva.

Kwa hiyo andika nyakati nne: kufika getini, kuingia ndani, kuanza kushusha, kumaliza. Ziandike kwenye deliveri noti (karatasi ya kukabidhi mzigo) yenyewe, si kwenye daftari lako, kisha mwenye stoo asaini na kugonga muhuri pembeni yake. Kasoro ninayokutana nayo mno ni muhuri wenye tarehe ya kushusha peke yake. Siku zote ulizolala nje ya geti zinakuwa kama hazikuwepo. Mlinzi akikataa kukuandikia saa ya kufika, piga picha ya gari na geti, itume ofisini kwa WhatsApp papo hapo: "Nimefika getini 09:40 saa za Kongo, nimeambiwa nisubiri." Hilo la saa za Kongo si mbwembwe. Zambia na Katanga, upande huo wa Kongo, wako nyuma yetu kwa saa moja, na "saa tatu" yetu mteja wa kule ataisoma 3:00. Andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje ni saa za wapi.

Andika na sababu ya kukwama. Kama gari limezuiwa kwa sababu bima ya COMESA (bima ya gari ya kuvukia mipaka) imeisha, mwenye mzigo hatalipa, na ni haki yake. Lakini hilo ni kosa la ofisi, lisigeuzwe kuwa lako.

Turudi kwenye mkataba wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mkataba wa maandishi kwa mfanyakazi atakayefanya kazi nje ya nchi. Mwajiri akishindwa kuuleta mbele ya sheria, jukumu la kuthibitisha masharti ya ajira linakuwa lake. Omba sentensi moja tu iingizwe: "Gari likisimama zaidi ya saa 24 bila kosa la dereva, atalipwa shilingi (taja kiasi) kwa siku, zikiwemo siku za kusubiri mzigo wa kurudi." Kipande hicho cha mwisho usikiachie. Ukidhulumiwa malipo, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na dai la aina hiyo hufunguliwa ndani ya siku 60.

Foleni inakula mafuta pia. Injini ya semi ikiachwa inaunguruma gari limesimama huchoma kama lita 3 kwa saa; usiku mmoja wenye urefu wa saa nane ni lita 24, na ukirudi utaulizwa zimekwenda wapi. Zima injini ukilala, na kila asubuhi piga picha ya geji ya mafuta pamoja na kilomita. Wakitaka kukukata, sheria hiyohiyo ya ajira hairuhusu makato ya hasara kabla hujapewa nafasi ya kujieleza, na picha hizo ndizo maelezo yako.