Kilwa na Shanga: kusoma ripoti ya uchimbaji bila kunukuu tarehe iliyokwisha muda wake

Juzuu mbili za Kilwa, ripoti ya mwanaakiolojia Neville Chittick (1974) kuhusu uchimbaji wake katika mji huo wa kale wa pwani ya Tanzania, zinanukuliwa kila mahali, na mara nyingi kinachonukuliwa ni hitimisho peke yake. Hapo ndipo makosa huingia. Katika ripoti ya uchimbaji hitimisho huchakaa mapema. Michoro na hesabu za vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, hudumu. Kwa hiyo mimi huwashauri watu waanze na juzuu ya pili, ile ya vitu vilivyopatikana, kisha warudi kwenye ya kwanza wakiwa na ramani ya mitaro ya uchimbaji mezani.

Kwanza tafuta mchoro wa mkato, yaani picha ya ukuta wa mtaro inayoonyesha matabaka yalivyolaliana. Macho yaende kwenye sakafu za chokaa. Sakafu isiyotobolewa ni kifuniko: kilicho chini yake kilifika pale kabla chokaa haijamwagwa. Ikikatwa na shimo la taka, kaburi au msingi wa nyumba ya baadaye, vigae vya chini hupandishwa juu na vya juu huanguka chini. Ndiyo maana tabaka hupewa tarehe kwa kitu kipya kuliko vyote kilichomo. Kigae cha karne ya 9 ndani ya tabaka la karne ya 14 hakina neno. Kigae cha karne ya 14 chini ya sakafu inayodaiwa kuwa ya karne ya 9 kinavunja hoja nzima, na mwandishi mwaminifu atakitaja.

Tarehe nyingi za vitabu vya zamani vya pwani zimejengwa juu ya vyombo vya kigeni. Mitungi mizito ya rangi ya kijani-samawati kutoka Ghuba ya Uajemi hudokeza karne ya 8 hadi ya 10. Bakuli zilizochorwa kwa ncha kabla ya kung'arishwa, za 11 na 12. Vyombo vya Yemen vyenye michoro myeusi juu ya njano, karne ya 14 hivi. Seladoni, vyombo vya Kichina vya rangi ya kijani, zaidi 13 hadi 15. Lakini bakuli zuri halivunjwi siku lilipoteremshwa jahazini. Hurithiwa. Bakuli lililopachikwa kwenye nguzo ya kaburi linakuambia kaburi halikumalizwa kabla ya bakuli kutengenezwa, basi. Linaweza kuwa lilikaa kabatini miaka 60.

Sarafu nazo zina mtego wake. Sarafu za Kilwa zina jina la sultani, hazina mwaka. Chittick alizitazama za sultani Ali bin al-Hasan, akazilinganisha na matabaka yake, na akaiweka nasaba yake, ya Washirazi waliotawala Kilwa, karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, likapatikana fungu la sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri. Dinari hizo zinasomeka tarehe, na zilikuwa za karne ya 11. Za Ali bin al-Hasan zilikuwamo humohumo. Mtawala akarudi nyuma zaidi ya karne moja kwa siku moja! La kuchekesha ni kwamba tarihi ya Kilwa, yaani habari za wafalme wake, aliyoinakili mwanahistoria Mreno João de Barros katika karne ya 16 ilikuwa imekwisha kusema mwanzo wa nasaba ni miaka 400 na kitu ya Hijria, yaani mwanzoni mwa karne ya 11. Wazee hawakukosea sana.

Kwa msomaji, maana yake ni hii: ukikutana na “Kipindi cha II” katika Kilwa, acha tarehe iliyoandikwa pembeni na ushike vitu vilivyoorodheshwa. Mpangilio wa vipindi, kipi kabla ya kipi, bado unasimama. Kilichosogea ni kalenda.

Sasa hesabu. Ukisoma kwamba vyombo vya kigeni ni asilimia fulani, uliza asilimia ya nini. Chukua mtaro uliotoa vigae 400, kumi na mbili vikiwa vya kigeni: ni asilimia 3. Mchimbaji akitupa vyungu vya kawaida visivyo na nakshi akabakiza 100 tu, vile kumi na mbili vinageuka asilimia 12, na mji wa wavuvi unaonekana bandari ya matajiri. Uchimbaji wa enzi za kale uliwapenda mno wageni, vigae na watu vilevile. Isitoshe mtungi mkubwa huvunjika vipande vingi kuliko bakuli, hivyo kuhesabu vipande na kupima uzito havitoi jibu moja.

Shanga, ripoti ya Mark Horton (1996) kuhusu mji wa kale wa jina hilo, iliyotokana na uchimbaji wa miaka ya 1980 kisiwani Pate, Kenya, inafaa kusomwa baada ya Kilwa, si kabla. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti midogo, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya miti, ya mwishoni mwa karne ya 8. Ushahidi wake ni matundu ya nguzo: miviringo ya udongo mweusi. Anayefukuza kuta za mawe huyapita bila kuyaona, na ndipo mji huonekana umeanzishwa na yeyote aliyeleta mawe na chokaa. Vyungu vya matabaka hayo ni vya wenyeji. Hapa jihadhari na majina: Horton anaviita vya mapokeo ya Tana, mwanaakiolojia Felix Chami (1994) anaviita kwa michoro yao ya pembetatu. Majina mawili, lakini kwa kiasi kikubwa vyungu ni vilevile.

Ukifika kwenye tarehe za kaboni 14, kipimo cha umri wa mkaa, mbegu au kombe, kumbuka kwamba miaka huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia 1950. Kipimo cha 1000 ± 50 si “mwaka 950” kamili. Kabla hata ya kusahihishwa kwa jedwali, ±50 inakupa uhakika wa asilimia 68 tu, na ukitaka 95 panua hadi ±100. Angalia pia kilichopimwa. Kiini cha gogo kubwa ni cha zamani kuliko siku lilipokatwa, na kombe la baharini husomeka limezeeka kwa kama miaka 400 lisiporekebishwa. Punje ya mtama iliyoungua ndiyo bora, kwa kuwa iliishi msimu mmoja.

Ripoti ya James Kirkman (1954) kuhusu Gedi, magofu ya mji wa pwani ya Kenya, huiweka mwisho. Jina la kitabu linauita mji wa Waarabu, jambo ambalo leo wachache wangeliandika, lakini ramani yake ya Msikiti Mkuu bado naitumia.