Kusasisha CV ukiwa kazini si kosa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi, eti ukipatikana ukisasisha CV na bado umeajiriwa, unaweza kufutwa papo hapo. Si kweli. Soma Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 45: mwajiri lazima awe na sababu halali, inayohusu mwenendo wako, uwezo wako au mahitaji ya kazi, na afuate utaratibu wa haki. Kusasisha CV yako nyumbani si mojawapo ya sababu hizo.

Wengi huchanganya hili na kuiandika saa za kazi kwa kompyuta ya ofisi. Hapo kanuni za ofisi zinaweza kukubana. Iandike jioni, kila unapomaliza mradi au kozi, tarehe zikiwa bado kichwani. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.