Kuamua tiba pamoja kwa simu: maana yake, na haki huvunjikia wapi

Kuamua tiba pamoja ni pale mhudumu anapoeleza njia zilizopo, faida na maudhi yake, naye mgonjwa anaeleza yale anayoyajua mwenyewe: kazi yake, hofu yake, uwezo wa mfuko wake. Zana ya kidijitali ya kazi hiyo ni programu au menyu ya simu inayoziweka njia hizo bega kwa bega ili zilinganishwe. Haimchagulii mtu. Ikianza kumvuta upande mmoja, hilo sasa ni tangazo.

Tuchukue uzazi wa mpango katika kliniki ya Kayole, Nairobi: kijiti, koili, sindano ya miezi mitatu, vidonge. Kosa la kwanza huwa kwenye neno "hatari". Ukiandika "hatari ya kushika mimba", msomaji anasikia balaa, ilhali ulimaanisha uwezekano. Kosa la pili ni asilimia. Afadhali uhesabu watu: katika wanawake 100 wanaotumia vidonge kwa mwaka mzima, wengine wakisahau siku mbili tatu, kama 7 hushika mimba, kwa sindano, kama 4, kwa kijiti au koili, hafiki hata mmoja. Shikilia 100 hiyohiyo kote. Ukichanganya "1 kati ya 20" na "1 kati ya 100", baadhi wataona ya pili ndiyo kubwa kwa sababu 100 ni nyingi.

Halafu simu yenyewe. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hafungui programu, kwa hiyo menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na namba, ni lazima, nayo haihitaji bando. Lakini skrini moja hubeba herufi 182 tu, na Kiswahili kilichotafsiriwa neno kwa neno hufurika. Kiandike upya, kifupi. Muda wa menyu nao huisha mtu akiwa bado anafikiria, na akipiga tena anarudishwa mwanzo, kwa hiyo menyu ihifadhi mahali alipofika.

Simu ya nyumbani pia huwa ya wengi. Ujumbe wa "Kesho ni siku yako ya sindano" ukisomwa na mume au mama mkwe, umeshatoa siri ya mtu. Muulize kwanza kama anataka kutumiwa ujumbe, na uwe wa maneno ya kawaida. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini mama mkwe hasubiri mahakama.

Asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini. Mchoro wako wa vidoti 100, kidoti kimoja kwa kila mwanamke, usipokuwa na maelezo ya maandishi, ataambiwa "picha" na basi. Kiziwi anayetumia Lugha ya Ishara ya Kenya huenda akahitaji video, nayo inakula bando, kwa hiyo iwekwe kwenye tableti ya kliniki.

Kabla ya kuizindua, keti na watu sita hivi, wakiwemo wasiosoma vizuri. Usiwaulize kama wameelewa. Kila mtu atasema ndiyo. Uliza: "Ukimweleza dada yako, utamwambiaje?" Kisha badilisha mpangilio wa njia na uwape wengine sita. Ukiona kila kundi linachagua ile iliyo juu kabisa, orodha yako ndiyo inayoamua.