Majani ya Oolong Hayaishi kwa Kikombe Kimoja

Jirani yangu hapa South B alipomaliza kikombe cha kwanza cha chai ya oolong, alishika birika akitaka kumwaga majani. "Si yameshatoa rangi yote?" Wengi wetu tunaamini hivyo, na kwa oolong si kweli.

Tumezoea majani ya pakiti, yale tunayochemsha na maziwa kwenye sufuria. Kiwandani hupondwa na kuchanwa hadi yawe chembe, ndiyo maana hutoa rangi na ukali kwa mkupuo. Oolong ya milima ya Alishan, Taiwan, inatokana na mmea uleule unaolimwa Kericho, ila jani hubaki zima. Hunyaushwa, huachwa libadilishwe na hewa kwa kiasi tu, kisha hufungwa kwenye kitambaa na kuviringishwa tena na tena hadi lijikunje kuwa kidonge kigumu. Kidonge hicho hufunguka polepole.

Tia gramu 5 kwenye birika dogo la mililita 120. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi: yanafaa kabisa, usingoje yapoe. Subiri dakika moja, umimine chai yote, maana majani yakilowa mno huleta uchungu. Rudia, ukiongeza sekunde kidogo kila mara, hata mara tano. Mimi naipenda ya pili, harufu ya maua inapopanda.

Baada ya kikombe cha nne jirani alitoa jani moja, akalikunjua kiganjani. Lilikuwa zima, na kikonyo chake.