Je, wajua kwa nini watoto wa shule Nairobi huimba herufi kabla ya kuimba maneno?

Pita kando ya ua wa shule yoyote ya Eastlands muhula wa pili, mida ya saa kumi jioni, masomo yakiwa yamekwisha. Utasikia watoto wakiimba jambo lisiloeleweka: do, mi, so, mi, do. Wanarudia. Kisha wanapanda kidogo na kuanza upya, herufi zilezile. Maneno hayapo. Mpita njia hudhani wanapasha koo tu kabla ya wimbo wenyewe kuanza, lakini ukichungulia darasani utaona macho yote yameelekea ubaoni, na ubaoni mwalimu ameandika kwa chaki:

d :m |s :m |d :– 

Watoto hao wanasoma: d ni do, m ni mi, s ni so. Wanausoma muziki kama wanavyosoma sentensi, na uandishi huo unaitwa solfa. Waimbaji wa kwaya za kanisa wanaujua vizuri, kwa kuwa wengi wao walijifunza nyimbo kwa njia hiyohiyo. Swali langu ni hili: kwa nini herufi zitangulie, wakati wimbo una maneno yake mazuri na mashindano ya muziki yanabisha hodi?

Jibu nililipata mahali nisipotarajia, kwenye wimbo wa taifa. Jumatatu na Ijumaa asubuhi bendera inapopandishwa, mwanafunzi mmoja huanzisha "Ee Mungu nguvu yetu" na wengine humfuata. Siku nyingine mwanzishaji huanza juu mno, na wimbo ukifika katikati nusu ya gwaride limenyamaza na nusu linapiga kelele. Siku nyingine huanza chini, wadogo wakabaki kunong'ona. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba leo tumeimba wimbo mwingine. Wimbo ni uleule, ingawa hakuna hata sauti moja ya Jumatatu iliyofanana na ya Ijumaa.

Hii ni kwa sababu sikio la watu wengi halishiki sauti yenyewe, linashika umbali kati ya sauti na sauti. Sauti ni mtetemo wa hewa. Ile A ambayo okestra hujipanga nayo hutetemeka mara 440 kwa sekunde. Ukiifanya hiyo A kuwa do yako, so yake itatetemeka mara 660. Ukianza chini zaidi, tuseme kwenye 400, so itakuwa 600. Namba zimebadilika, lakini uwiano ni uleule wa tatu kwa mbili, na huo uwiano ndio ubongo unaoutambua. Mtoto wa chekechea asiyejua kugawanya anausikia uwiano huu bila shida.

Solfa huandika kile ambacho sikio linasikia. Do ni nyumbani. Inaweza kuwekwa popote, juu au chini, na ikihama, re, mi, fa, so, la na ti zinahama nayo kwa umbali uleule. Juu ya karatasi mwalimu huandika tu "Do ni G" au "Do ni D", yaani do ianzie kwenye sauti ya kinanda iitwayo G au D. Herufi zote zilizo chini hazibadiliki. Kama do ya G inawaumiza watoto, anafuta G na kuandika F, kazi ya sekunde mbili. Kwenye uandishi wa mistari mitano, ambapo noti huchorwa juu ya mistari, wimbo huohuo ungeandikwa upya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Majina haya yametoka mbali. Mnamo karne ya 11 huko Italia, mtawa Guido wa Arezzo alikuwa akiwafundisha wavulana wa kwaya. Alitumia utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohana ambao kila mstari wake ulianza hatua moja juu ya uliotangulia, akachukua silabi za mwanzo wa mistari: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut ikawa do, kwa kuwa do huimbika vizuri zaidi. Miaka mia nane hivi ikapita kabla ya mwalimu mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, kuzifanya ziwe uandishi wa herufi kwa ajili ya watoto. Sauti ya saba, iliyoongezwa baada ya Guido na kuitwa si, aliipa jina linaloanza kwa t, ili kusiwe na herufi mbili za s. Mchungaji John Curwen aliuchukua uandishi huo baada ya kuombwa, mwaka 1841, atafute njia bora ya kufundisha uimbaji kwenye shule za Jumapili. Yeye ndiye aliyeueneza.

Kilichousaidia kusafiri kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: bei. Mistari mitano na noti zake huhitaji mchapaji mwenye vifaa maalumu. Solfa ni herufi, nukta na vistari, na kila kiwanda cha uchapaji kilikuwa navyo. Wamisionari waliweza kuchapa nyimbo kwa mashine ileile iliyochapa Biblia. Ndiyo maana Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Afrika Kusini, alipotunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897 aliuandika kwa solfa. Muziki wake ndio huohuo wa "Mungu ibariki Afrika" wanaoimba jirani zetu Watanzania, nao ulianza kama safu za herufi.

Na bei hiyo bado inatuokoa. Mwalimu wa kwaya ninayemfahamu huwatumia waimbaji sehemu zao kwa WhatsApp. Hana programu yoyote ya kuandikia noti, na hapigi picha. Anaandika kwa kidole, "m :m |f :m", kama anayeandika ujumbe wa kawaida, na binti wa sauti ya pili anaimba ndani ya matatu akielekea Umoja. Hakuna uandishi mwingine wa muziki ninaoujua unaoweza kuingia kwenye simu ya bei ya chini kwa urahisi huo.

Turudi darasani. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003, shule nyingi za umma jijini zimejaa watoto, na kinanda hakipo. Mwalimu ana chaki, ana sauti yake, na ana mikono. Mikono hiyo ni ufunguo: kila sauti ina ishara yake. Do ni ngumi iliyokunjwa usawa wa kiuno. Mi ni kiganja kilicholala kikitazama chini. Fa ni kidole gumba kinachoelekea chini, kana kwamba kinataka kushuka kwenye mi, na kweli ndivyo inavyosikika. So ni kiganja kinachotazama kifua. Ti ni kidole cha shahada kinachoonyesha juu, kwa sababu ti haitulii mpaka irudi do. Watoto wanapofuata mkono huo bila kuambiwa neno, darasa zima huimba pamoja na kimya cha ajabu huingia katikati ya sauti na sauti. Kwangu hicho ni kitu kizuri kuliko vyote katika ufundishaji huu.

Wengi huanza na sauti mbili tu, so na mi. Msikilize mtoto wa ghorofa ya nne akimwita mama yake aliye chini sokoni: "Ma-maa!" Mara nyingi silabi ya pili hushuka kutoka so hadi mi. Mtoto anakuja shule akiwa nazo tayari, mwalimu anazipa majina. Kisha la, halafu do na re. Fa na ti huja mwisho kwa sababu ziko karibu mno na jirani zao, nusu hatua tu kutoka mi na kutoka do ya juu, na sikio changa huzikosea. Jambo linalonifurahisha ni kwamba nyimbo nyingi za jadi za jamii zetu, za Wakikuyu zikiwemo, hutembea kwenye sauti tano hizo bila fa wala ti. Bibi aliyembembeleza mtoto alikuwa ameshaanza somo.

Mapigo nayo yana majina. Pigo moja ni taa, likigawanywa mara mbili ni ta-te, na likigawanywa mara nne ni ta-fa-te-fe. Yalibuniwa na Mfaransa Aimé Paris katika karne ya 19, na katika vitabu vya shule zetu bado yanaitwa majina ya Kifaransa.

Mahali ambapo solfa huokoa watoto hasa ni kwenye umri wa kubalehe, na hapa nitakaa kidogo. Kati ya miaka 12 na 15 hivi, zoloto la mvulana, kile kisanduku cha sauti kooni, hukua haraka na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa. Sauti yake hushuka karibu oktavu nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake, na haishuki kwa heshima. Inaruka, inakwama, inatoka hewa. Sauti za wasichana pia hubadilika, kwa kiasi kidogo zaidi, na kwa muda huwa na hewa nyingi hata kwa aliyekuwa akiimba safi kama kengele. Katika shule moja niliyosoma, wavulana waliofika hapo waliambiwa wabaki jukwaani kwa ajili ya safu kunyooka, wafungue midomo tu wasitoe sauti. Rafiki yangu mmoja alifungua mdomo hivyo muhula mzima. Hakuimba tena mpaka leo, na mimi bado naona uchungu nikikumbuka, kwa maana hakuna kilichokuwa kimeharibika kwake. Alikuwa anakua.

Mwalimu anayejua kazi yake hufanya vingine. Humwita mvulana pembeni, humwimbisha polepole kutafuta ni sauti zipi zinazotoka bila kukwama, mara nyingi tano au sita tu. Kisha humwandikia safu yake mwenyewe ndani ya hizo tano, pengine d, r na m zinazojirudia chini ya wengine. Wiki chache baadaye anampima tena na kumhamisha. Kwa kuwa do huhama, mvulana anabaki na majina aliyoyazoea tangu darasa la nne. Mwili wake umebadilika lakini ramani yake ni ileile. Anajua bado yuko mi, hata kama mi hiyo imehamia kifuani.

Sitaki kusema kwamba solfa inatosha. Mtoto wa gredi ya nne anapopewa rekoda, ile filimbi ya plastiki, anagundua kwamba matundu hayahami. Ukiziba yote ni C, siku zote. Hapo noti za mistari mitano zinahitajika, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa sababu wanadhani wameanza somo jipya. Naamini mwalimu anayeandika herufi za solfa chini ya mistari kwa muhula mmoja huwavusha karibu wote. Anayetaka kufanya muziki kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, wenye karatasi ya vitendo, ya usikivu na ya nadharia, hawezi kuikwepa mistari hiyo. Korogocho nako, ambako mradi wa Ghetto Classics ulianza mwaka 2008 katika kanisa la Mtakatifu Yohana, vijana wa okestra husoma mistari kwa sababu fidla na klarineti haziongei lugha nyingine.

Na kuna muziki wetu ambao herufi saba haziwezi kuubeba. Nyuzi nane za nyatiti ya Wajaluo hazikukazwa kwa kufuata do re mi ya Curwen. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupishana kwa namna ambayo taa na ta-te huikaribia tu. Watoto wanaoingia jukwaani na ngoma hizo kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huzijifunza kwa kumtazama mpigaji na kupiga, na ni sawa iwe hivyo.

Lakini kwa kwaya ya sauti nne, herufi hutangulia kwa sababu moja niliyoielewa siku nilipoketi nyuma ya darasa na kusikiliza. Ukiwapa watoto maneno kwanza, wanamfuata aliye na sauti kubwa. Sauti ya pili wanateleza hadi sauti ya kwanza, kwa kuwa maneno ni yaleyale na ni rahisi kwenda na kundi. Herufi hazifanani. Wakati wa kwanza wanaimba so, wa pili wanaimba mi, na mtoto anayeteleza hujisikia mara moja kwamba ametamka jina lisilo lake.

Siku hiyo mwalimu aliwaimbisha ukurasa mzima mara sita. Mara ya saba aliufuta ubao, akasimama katikati na kusema, "Maneno sasa." Wasichana wa sauti ya pili walikuwa wamesimama bega kwa bega na wale wa kwanza. Wakaingia wote pamoja kwa neno lilelile, kila upande ukabaki mahali pake, na msichana mmoja wa safu ya mbele alikuwa ameficha mkono nyuma ya sketi, kiganja kimelala, akijishikia mi yake.