Kisima cha Msaada na Miaka Inayofuata Uzinduzi

Vikundi vya watu wa kawaida vinavyochangia maji katika nchi za mbali ni vingi kuliko wengi wanavyodhani. Kuna klabu za Rotary, kuna waumini wa Ghuba wanaochimbisha kisima kama sadaka jariya, yaani sadaka ambayo thawabu yake huendelea, kwa ajili ya mzazi aliyefariki, kuna vyama vya Watanzania na Wakenya waishio Ulaya na Marekani. Sharika za Kilutheri za eneo la Saint Paul, Minnesota, zina uhusiano na Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) tangu 1987, na uhusiano wenyewe unaitwa Bega kwa Bega. Wakitufuata sisi wa upande wa utaalamu, swali la kwanza huwa karibu lile lile: kuchimba kisima ni bei gani? Ni swali la haki, ila ndilo lenye jibu rahisi kuliko yote. Miradi mingi huangushwa na mambo yanayoanza baada ya utepe kukatwa.

Chukua pampu ya mkono aina ya Afridev. Ilisanifiwa Malawi na Kenya miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanyika Kwale, Pwani ya Kenya, kwa lengo moja: wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Vyuma vyake vya ndani hunasana kwa ndoano, na kuifungua huhitaji spana na kifaa cha kuvulia vali ya chini, basi. Kinachochakaa haraka ni mpira wa pistoni, kipuri kidogo ambacho bei yake haifiki ya kuku. Ukianza kulika, hasa kwenye kisima chenye mchanga, pampu haizimiki. Akina mama hupiga mpini zaidi na maji huja kidogo, ndoo iliyokuwa ikijaa kwa dakika moja na nusu ikachukua dakika tano, foleni ikarefuka, wengine wakarudi mtoni. Kwenye ripoti kisima bado "kinafanya kazi". Mafundi wanashauri mpira huo ubadilishwe kila mwaka hata kama haujalalamika.

Nani ananunua mpira huo, na kwa fedha gani? Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya 2002 inataka kila mwananchi wa kijijini apate walau lita 25 kwa siku ndani ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hiyo ni lita 6,250 kwa siku. Pampu ya mkono ikitoa kama lita 15 kwa dakika, mpini unapigwa kwa muda wa karibu saa saba. Tuseme ndoo ya lita 20 inalipiwa shilingi 50: ndoo 312 zinaleta zaidi ya shilingi 15,000 kwa siku. Hata wakilipa nusu tu ya watu, mpira unanunulika, fundi analipwa na akiba inabaki. Kwa hiyo mara nyingi fedha ipo. Kinachokosekana ni daftari, risiti, akaunti ya benki, na mwenyekiti anayekubali hesabu zisomwe mbele ya mkutano wa kijiji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wafadhili wenye huruma wanaotaka maji yawe bure kabisa. Ninawaelewa, hasa pale kisima kilipotolewa kwa nia ya thawabu. Lakini kutoa kisima bure ni jambo moja, na kukiendesha bure ni jambo jingine. Kamati ya maji ya kijiji inaweza kumsamehe bibi asiyejiweza au mgonjwa, na kijiji kinawajua ni akina nani. Kusamehe kila mtu maana yake ni kumngoja mfadhili arudi.

Vilevile, kumfundisha fundi mmoja wa kijiji kwa siku chache hakutoshi. Fundi huyo ataoa, atahamia mjini, au atakosa vipuri. Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2013 walijaribu njia nyingine. Walifunga kwenye mipini ya pampu vifaa vidogo vinavyotuma kwa mtandao wa simu taarifa za jinsi pampu inavyotumika, ili ikisimama ijulikane, na mafundi wakawekwa tayari kwenda. Muda wa kusubiri matengenezo ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ikazaa FundiFix, huduma ya matengenezo ya pampu inayohudumia Kitui na Kwale kwa ada. Kikundi kilichoko ng'ambo kikichangia huduma ya namna hii kwa miaka mitano, kwa maoni yangu, kimefanya kazi kubwa kuliko kuongeza kisima cha pili, ingawa hakuna mahali pa kubandika kibao chenye jina lake.

Kwa Tanzania, sheria nayo ina neno. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 iliunda RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na maji ya kijijini huendeshwa na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Kuchimba kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde husika. Mfadhili akija na mkandarasi wake na kuondoka naye bila kupita ofisi ya wilaya, anaacha kisima yatima: haijulikani kina chake ni mita ngapi, kinatoa lita ngapi, wala pampu iliyozamishwa ni ya aina gani. Siku ikiharibika, kila ofisi itasema si yake.

Upimaji wa maji ndio unaokatwa kwanza bajeti inapobana, na ndio usiostahili kuguswa. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa, vingine kwa msaada wa UNICEF, ili watu waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa kuhara. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba visima vingi vina arseniki, sumu ya asili kutoka ardhini isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hakuna aliyekusudia ubaya; kipimo hicho hakikuwamo kwenye orodha. Huku kwetu, Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa yana floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto wa baadhi ya vijiji yanaonyesha kwamba maji yao yamekivuka kwa mbali. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki. Klorini nayo haiiondoi. Pwani, pampu ya umeme wa jua ikivuta kupita uwezo wa kisima, chumvi ya bahari hupanda, na kisima kilichozinduliwa kikiwa kitamu huharibika. Kabla ya kulipia bomba lolote, mchangaji adai matokeo ya maabara yaliyoandikwa na yenye tarehe.

Ubunifu wa kupendeza kwenye picha nao uangaliwe kwa jicho kali. Mwaka 2006 ilitangazwa kwa shangwe kwamba pampu zinazozungushwa na watoto wakicheza zingefika 4,000 katika nchi kadhaa za Afrika kufikia 2010. Watoto walichoka, akina mama wakaachiwa kuzungusha chuma kizito, na mpango ukasitishwa kabla ya kutimia. Ndiyo maana ninaupenda ukali wa ruzuku kubwa za Rotary: mradi uwe wa angalau dola 30,000, uwe na klabu ya nchi yenyewe pamoja na ya nje, na tathmini ya mahitaji ya jamii itangulie. Makaratasi yake yanachosha, lakini yanamlazimu mtu kuuliza wenyeji kabla ya kuagiza.

Choo hakina wachangiaji wengi. Takwimu za Umoja wa Mataifa za 2022 zilionyesha watu bilioni 2.2 hawana maji yanayosimamiwa kwa usalama, na bilioni 3.5 hawana huduma ya choo ya kiwango hicho. Kikundi chenye fedha ya wastani kinaweza kuanza na shule moja. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Tundu peke yake halimtoshi msichana aliye kwenye hedhi. Anahitaji chumba chenye komeo la ndani, maji humo humo, na kichomea taka ambacho mlango wake hautazamani na uwanja wa mpira. Na kabla shimo halijachimbwa, mwalimu mkuu aulizwe gari la majitaka linaweza kufika upande gani wa jengo.