Je, wajua kwa nini maziwa ya mama yana sukari ambayo mtoto hawezi kuimeng'enya?

Tanga ni mkoa wa maziwa, na mkazi wa Ngamiani au Makorora aliyezoea kununua ya ng'ombe kila asubuhi anaweza kudhani kuwa ya mama yanatofautiana nayo kwa uzito tu. Tofauti iliyo kubwa zaidi imo kwenye sukari, tena sukari ambayo ulimi hauitambui.

Sukari kuu ya maziwa yote mawili ni laktosi, ambayo katika lita moja ya maziwa ya mama hufikia takriban gramu 70, na mtoto huimeng'enya akapata nguvu. Lakini yamo pia makundi ya sukari changamano ziitwazo oligosakaridi, ambazo kiini chake ni laktosi iliyoungwa na sukari nyingine kama galaktosi na fukosi, au asidi ya sialiki. Aina zaidi ya 150 zimekwisha kutambuliwa, na kwa pamoja hufikia gramu 5 hadi 15 kwa lita, kiasi kinachokaribia au hata kuzidi kile cha protini. Katika maziwa ya ng'ombe hupatikana chembe tu.

Ajabu ni kwamba mtoto hana vimeng'enya vya kuzivunja sukari hizi. Hupita tumboni na katika utumbo mwembamba zikiwa nzima, na ni takriban asilimia 1 tu inayoingia kwenye damu. Mzazi aliye ndani ya arobaini, anayenyweshwa uji wa pilipili manga ili arudishe nguvu, anazitumia nguvu hizo kutengeneza chakula kisichomshibisha mwanawe. Analishwa nani, basi?

Wanaolishwa ni bakteria. Mwishoni mwa karne ya 19, Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliona kuwa kinyesi cha watoto wanaonyonya kimejaa bakteria tuwaitao leo bifidobakteria. Mwaka 1954 daktari wa watoto Paul György, akishirikiana na mkemia Richard Kuhn, alionyesha kuwa kinachowastawisha ni sukari hizo za maziwa. Hodari kuliko wote ni Bifidobacterium infantis, anayezivuta sukari nzima nzima ndani ya mwili wake na kuzivunjia humo, hata wadudu wengine wasiambulie makombo. Anachotoa ni asidi, na asidi hiyo huufanya utumbo mpana usikalike kwa vijidudu vingi vya maradhi. Ndiyo maana kinyesi cha mtoto anayenyonya tu huwa laini, cha manjano, chenye harufu ya uchachu kidogo. Mara nyingi bibi akiona nepi hiyo husema, "Mwanangu, mtoto huyu anaharisha," ilhali mtoto ni mzima kabisa.

Kazi ya pili ni ya hila. Vijidudu kama Campylobacter jejuni, anayesababisha kuhara, huanza kwa kushika sukari zilizo juu ya ukuta wa utumbo. Baadhi ya oligosakaridi zinafanana na sukari hizo, hivyo kijidudu hunasa kwenye maziwa yanayopita badala ya ukuta, kisha hutolewa nje.

Wingi wa sukari hizi huwa juu kabisa siku za mwanzo, katika dang'a, ambamo hufikia gramu 20 au zaidi kwa lita. Bado wapo wanaomshauri mzazi aikamue dang'a na kuimwaga kwa kuwa ni ya njano na nzito, nami naona hakuna ushauri unaompunja mtoto kuliko huo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, kisha apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, bila hata maji.

Akina mama hawafanani katika jambo hili. Wasio na jeni tendaji iitwayo FUT2, inayohusika na kuunga fukosi, hutengeneza kidogo sana, au hawatengenezi kabisa, oligosakaridi yenye fukosi iliyo nyingi kwa wengine. Hata hivyo watoto wao hukua vizuri, kwani aina nyingine zimo. Watengenezaji wa maziwa ya kopo nao wameanza kuongeza sukari hizi, zinazozalishwa viwandani kwa msaada wa bakteria, lakini wanachoongeza ni aina moja au chache kati ya hizo zaidi ya 150.